Msamaha wa Kodi na Shamba la Jirani



Serikali inapochora mstari juu ya ramani na kutangaza katika gazeti lake rasmi kwamba ndani ya mstari huo bidhaa zitaingia bila ya ushuru wa forodha, na viwanda vitachuma faida pasi na kutozwa kodi kwa miaka kadha wa kadha, mtu hudhani kwamba wa kwanza kufunga safari kwenda huko atakuwa tajiri mwenye mitambo. Yalivyo mambo, aghalabu wa kwanza kufika ni dalali wa ardhi, naye haingii ndani ya mstari, bali husimama nje yake, mahali ambapo hapana kiwanda wala msamaha wa kodi, pana mihogo, mbuzi, na mwenye shamba ambaye hilo gazeti la Serikali hajapata kulitia machoni maishani mwake. Watu wawili hawa, dalali na mwenye shamba, ndio niliokusudia kuwazungumzia, kwa sababu katika hotuba nyingi za viwanda na uchumi hawatajwi, ilhali sehemu kubwa ya fedha hupita mikononi mwao, na hupita kwa mmoja haraka kuliko kwa mwenziwe.

Desturi ya kusamehe ushuru ili kuvuta biashara si ngeni kwetu sisi watu wa mwambao. Mwezi wa Februari 1892, Sir Gerald Portal, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza katika Unguja, aliifanya bandari ya Unguja kuwa bandari huru, kwa tamaa ya kuirejesha biashara ya bara ambayo Wadachi, waliokwisha kushika pwani ya upande wa pili, walikuwa wakiivuta kwenye forodha zao. Mtindo wa kisasa, wa kuzungushia uzio kipande cha ardhi na kukifanya kama nchi nyingine kwa mambo ya kodi, wengi huuhesabu tangu 1959, pale Waireland walipouanzisha katika uwanja wa ndege wa Shannon, baada ya ndege mpya kuwa na nguvu ya kuvuka bahari bila ya kutua hapo kunywa mafuta. Wachina wakauchukua 1980, na Shenzhen, ambako kulikuwa na mashamba ya mpunga na vijiji vya wavuvi, ndiko mwezi wa Disemba 1987 haki ya kutumia ardhi ilikonadiwa hadharani kwa mara ya kwanza katika Jamhuri ile ambayo hadi hapo ilikuwa haitambui kuwa ardhi ina bei. Miaka saba tu baada ya mstari kuchorwa, nyundo ya mnada ilikuwa imekwisha kugonga meza.

Hapa kwetu Kenya sheria ya kwanza ya namna hii ilipitishwa 1990, ikampa mwenye kiwanda kitengenezacho vitu vya kuuzwa nchi za nje miaka 10 bila ya kodi ya mapato, na baada yake miaka mingine 10 ya kulipa asilimia 25, pamoja na ruhusa ya kuingiza mitambo na malighafi bila ya ushuru. Ikaja nyingine 2015, ya maeneo maalumu ya kiuchumi, ambayo haikusamehe kodi yote bali iliipunguza hadi asilimia 10 kwa miaka 10 ya mwanzo na asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata, ilhali kampuni ya kawaida iliyo nje ya uzio hulipa asilimia 30. Hesabu yake ni nyepesi. Kampuni iliyochuma faida ya shilingi milioni 100 ingempa mtoza kodi milioni 30. Ikiwa ndani ya eneo la sheria ya 2015 itampa milioni 10, na ikiwa ndani ya eneo la sheria ya 1990, katika miaka yake ya mwanzo, haitampa hata senti moja.

Sasa hizo milioni 20 au 30 ambazo hazina imeziacha zinakwenda wapi? Sehemu moja hubaki kwa mwenye kiwanda, na kwa ajili hiyo ndipo alipokuja. Sehemu nyingine humfikia mnunuzi wa ng'ambo, apataye shati kwa bei nafuu. Sehemu ya tatu, ambayo sijapata kuisikia ikitajwa katika hotuba ya bajeti, huvuja kupita chini ya uzio na kuingia katika udongo wa majirani, kwani kiwanda kinahitaji wafanyakazi, na wafanyakazi wanahitaji vyumba, maduka, vioski vya chakula, shule na stendi ya matatu, na vyote hivyo havina budi kusimama juu ya ardhi. Na ardhi, tofauti na shati, haiwezi kushonwa nyingine kwa kuwa wanunuzi wamezidi. Kwa hiyo mshahara unaolipwa ndani ya uzio huishia, kwa kiasi kikubwa, katika kodi ya chumba nje ya uzio. Kodi ya chumba ndiyo inayompa mjenzi moyo wa kununua kiwanja. Na bei ya kiwanja ndiyo inayomfanya dalali aamke alfajiri. Msamaha alioandikiwa mwenye cherehani umegeuka kuwa faida ya mwenye hati ya ardhi, naye hakuomba wala hakushona hata kifungo.

Mfano wa jambo hili ambao umekwisha kukamilika, nasi tunaweza kuutazama toka mwanzo wake hadi mwisho, ni ule wa Athi River. Hapo, kusini-mashariki ya Nairobi, karibu na mahali inapoanzia njia ya Namanga, Serikali ilitenga takriban hekta 339 kwa viwanda vya sheria ile ya 1990. Ukivuka kidogo tu kusini unaingia Kajiado, katika mbuga za Kitengela, ambazo Wamaasai walikuwa wakizichunga kwa pamoja, na ambazo chini ya sheria ya 1968 zilikuwa zimeandikishwa kuwa ranchi ya kundi, maana yake ardhi ni ya wote walioandikwa, na hapana mmoja awezaye kukata kipande chake akakiuza. Mwaka 1988 wanachama wa ranchi ya Kitengela waligawana, kila mmoja akapewa hati yake. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya viwanda. Sidhani kama waliofanya la kwanza walikuwa na habari ya la pili, na pengine hata waliofanya la pili hawakufikiri juu ya la kwanza; lakini natija ya kukutana kwa mambo hayo mawili ilikuwa kwamba wakati ule ule ardhi ilipopata mnunuzi, ndipo pia ilipopata muuzaji. Laiti moja lingetangulia lingine kwa miaka ishirini, habari ya mbuga zile ingekuwa nyingine kabisa.

Mwanzoni mwendo ulikuwa wa polepole. Kisha 2000 Marekani ikapitisha sheria ya kuzipokea nguo za Afrika bila ya ushuru, na viwanda vya Athi River vikajaa wasichana na vijana kutoka kila pembe ya nchi, ambao zamu ikiisha jioni walihitaji pa kulala karibu, kwa kuwa nauli ya kurudi mjini ingemaliza ujira wao. Vikajengwa vyumba vya mabati, kisha vya mawe, kisha magorofa. Na soko dogo la Noonkopir, ambalo watu wazima wa pale wanalikumbuka lilipokuwa na maduka ya kuhesabika, likameza mbuga zilizolizunguka hata sensa ya 2019 ikakuta mji wa Kitengela una watu zaidi ya 150,000. Sitaki kusema kwamba viwanda peke yake vimefanya hayo, maana Nairobi yenyewe ilikuwa ikifurika na saruji ya Athi River ilikuwa karibu. Lakini viwanda ndivyo vilivyotoa ishara, na katika biashara ya ardhi ishara ina nguvu kuliko kitu chenyewe.

Biashara hiyo ina taratibu zake, na inafaa kuitazama kwa karibu. Mchungaji huuza kwa ekari. Dalali, au kampuni inayomtuma, huinunua ekari hiyo, humleta mpimaji na mawe yake ya mpaka, hukata njia ya gari katikati, kisha huigawa kwa vipande vya futi hamsini kwa mia, yaani takriban thumuni ya ekari, na kila thumuni huitia bei yake. Jumamosi asubuhi gari hutoka mjini limejaa walimu, wauguzi, makarani na watu wa vyama vya akiba na mikopo, ambao wameambiwa kwamba safari ni bure. Wakifika hutembezwa baina ya vigingi vilivyopakwa rangi, huonyeshwa kwa kidole nguzo ya umeme iliyo mbali, huambiwa kwamba eneo la viwanda ni dakika kumi kwa gari (gari gani na njia gani hawaambiwi), hupewa soda, na kabla ya adhuhuri wengine wamekwisha kutoa arubuni. Mimi siwacheki wanunuzi hawa. Mwalimu ambaye malipo yake ya uzeeni hayamtoshi, na ambaye ameona shilingi ikipungua nguvu mwaka hata mwaka, hana mahali pengi pa kuweka akiba yake ambapo ataweza kupatazama kwa macho. Lakini mwenye kufaidi hasa ni yule aliyesimama baina ya ekari na thumuni.

Na mchungaji je? Tukiuliza kwa nini aliuza, tutaambiwa na watu wa mjini kwamba alipenda fedha, jambo ambalo ni kweli kwa wanadamu wote na kwa hiyo halielezi kitu. Ukweli ni kwamba aliuza kwa ajili ya karo ya shule, kwa ajili ya hospitali, na zaidi ya yote kwa ajili ya ukame, kama ule wa 2000 na ule wa 2009, ambapo ng'ombe walikufa na kisichokufa kilikuwa ni hati. Kuna mpango ulioanzishwa 2000 na watu wa hifadhi ya wanyama, ambao ulimlipa mwenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili asiuze wala asizungushe seng'enge, nyumbu na punda milia wapate kupita kutoka mbuga ya taifa ya Nairobi kwenda malishoni wakati wa mvua. Na walioupanga walikuwa na akili, kwa sababu waligawa malipo hayo mara tatu kwa mwaka, kufuata mihula ya shule. Walijua hasa ni siku gani dalali hupiga hodi. Ila shilingi 300 ni kitu kidogo mbele ya bei iliyokuwa ikipanda kila msimu, na wataalamu waliohesabu wanyama wa mbuga zile wameeleza kwamba nyumbu waliokuwa zaidi ya 26,000 katika 1978 hawakufika 3,000 ilipofika 2011. Seng'enge iliwafungia njia, ploti moja baada ya nyingine, na hapana mwenye ploti hata mmoja aliyekusudia kumdhuru nyumbu.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo kila nilikumbukapo hunistaajabisha. Kodi ya faida itokanayo na kuuza ardhi ilikuwako Kenya, lakini ilisimamishwa mwezi wa Juni 1985, na haikurejeshwa hadi Januari 2015, kwa kiwango cha asilimia 5, kisha ikapandishwa kuwa asilimia 15 tangu Januari 2023. Maana yake ni kwamba katika muda wote wa mchuano wa Athi River na Kitengela, miaka ishirini na mitano ya kununua kwa ekari na kuuza kwa thumuni, faida ile haikudaiwa kodi kwa jina lake. Mnunuzi alilipa ushuru wa stampu, nao kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2 tu, nusu ya ule wa mjini. Basi Serikali ilimsamehe mwenye kiwanda kwa sheria iliyojadiliwa Bungeni, kwa masharti, kwa muda maalumu, na kwa kumtaka ahesabu kila robota analosafirisha. Na papo hapo ikamsamehe mfanyabiashara wa ardhi bila ya sharti lo lote wala muda, wala kumwuliza ameajiri watu wangapi. Yupi kati ya wawili hawa aliyepewa zaidi, mimi nina rai yangu, na asiyekubaliana nami na atoe kalamu apige hesabu.

Bagamoyo kwa ndugu zetu wa Tanzania kuna mafunzo ya namna nyingine, kwani huko ardhi ilipata bei ya habari kabla ya kupata kiwanda. Mwezi wa Machi 2013, Rais wa Uchina alipozuru Dar es Salaam, ilitiwa saini mipango ya bandari kubwa ya Bagamoyo, na nyuma yake eneo maalumu la kiuchumi la maelfu ya hekta, upande wa Mbegani, Zinga na Mlingotini. Fedha za Oman nazo zikatajwa. Na Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Katika 2019 Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba masharti ya wawekezaji hayakubaliki, na 2021 Rais Samia akatangaza kuyafungua mazungumzo upya. Katika kupanda na kushuka huko, watu waliokuwa karibu na mstari waligawanyika mafungu mawili ambayo hawakuyachagua. Aliyejikuta ndani ya mstari alithaminiwa minazi yake na nyumba yake ili apewe fidia, na mtu akishathaminiwa aghalabu huambiwa asipande mti mpya wala asiongeze chumba, kwa hiyo hukaa akingoja, shamba likiwa si lake tena wala si la mwingine. Aliyejikuta nje ya mstari, pengine hatua mia kutoka kwa ndugu yake, alikuwa huru kuuza kwa bei yo yote ambayo uvumi ungeweza kuileta. Jiwe la mpaka lilipoangukia ndilo lililoamua nani atauza kwa bei ya jana na nani kwa bei ya kesho.

Niurudie sasa mwambao wetu, kwa sababu zamu imefika kwetu. Upande wa kusini wa Mombasa, Dongo Kundu, imetengwa ardhi ya takriban ekari 3,000 kuwa eneo maalumu la kiuchumi, kwa msaada na mikopo ya Japani, na barabara mpya kutoka Miritini imevuka Mwache, Tsunza na Mteza hata ikatokea Kibundani, kwenye njia ya Lunga Lunga, bila ya kupita kivuko cha Likoni. Mahali ambapo mtu wa Tsunza alikuwa akifika mjini kwa ngalawa au kwa mzunguko wa nusu siku, leo gari hupita mlangoni pake. Na mbao zenye namba za simu zimekwisha kupigiliwa juu ya miembe.

Lakini sisi hatuko kama Kitengela. Mchungaji wa kule alikuwa na hati, na kosa, kama lilikuwako, lilikuwa katika kuiuza rahisi. Hapa mwambao tuna urithi wa sheria ya 1908, iliyomtaka kila mtu aliyedai ardhi katika ukanda wa pwani wa Sultani wa Unguja aje mbele ya msajili na ushahidi wake, na ambayo chini yake ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. Wenye wakili na kalamu wakaandikwa, na Mijikenda wengi, waliokuwa wakiilima ardhi ile bila ya kujua kwamba inasajiliwa, wakaamka ni wageni juu ya makaburi ya wazee wao. Fauka ya hayo tuna ada yetu ya zamani, ambayo mtu wa bara hushangaa akielezwa, ya kwamba mnazi una mwenyewe na udongo ulioubeba mnazi una mwenyewe mwingine, na nyumba pia hali kadhalika. Ada hii ilifaa sana wakati udongo ulipokuwa hauna bei na nazi ndiyo mali. Ikiwa leo udongo ndio mali na nazi ni kitu kidogo, basi mwenye minazi arobaini aliyeirithi kwa babu yake atahesabiwa minazi, na bei yote iliyoletwa na mstari wa Dongo Kundu itakwenda kwa mwenye udongo, ambaye pengine anakaa Nairobi au ng'ambo, na shamba lile hajalikanyaga tangu alipolirithi. Wale tuwaitao maskwota wana haki ya fidia ya walichokipanda na kukijenga, wanapoipata, lakini thamani mpya haimo katika walichokipanda.

Mimi si adui wa viwanda, wala sioni haya kusema kwamba vijana wa Likoni na Mtongwe wanahitaji kazi kuliko wanavyohitaji makala yangu. Ninalolilalamikia ni kwamba tunatunga sheria ndefu juu ya ekari 3,000 zilizo ndani ya uzio, na juu ya ekari elfu nyingi zilizo nje yake hatusemi kitu.

Tena ipo tofauti moja baina ya ndani na nje ambayo ningependa mwenye shamba wa Ng'ombeni, jirani ya Dongo Kundu, aifahamu kabla ya kumpokea dalali. Ndani ya eneo la viwanda, tajiri mwenye mamilioni hauziwi ardhi moja kwa moja. Hupangishwa kwa miaka maalumu, na Katiba ya 2010 imesema kwamba asiyekuwa raia hawezi kumiliki ardhi kwa muda unaozidi miaka 99. Serikali, ambayo ina wanasheria na wahasibu, imeona heri ibaki na udongo na ipokee ijara. Mkulima, ambaye hana hata mmoja wa hao, ndiye anayeshauriwa auze moja kwa moja. Njia ile ile ya ijara iko wazi kwake pia, kama ana hati: anaweza kumpangisha mjenzi wa vyumba kwa miaka ishirini au thelathini, kwa mkataba ulioandikwa na wakili na kusajiliwa, na kodi ikawa inapandishwa kila baada ya muda uliotajwa. Na ikiwa hana budi kuuza, ajue kwamba shamba la kilimo lililo chini ya bodi ya ardhi haliuzwi kwa haki bila ya idhini ya bodi, na maombi ya idhini yapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa, la sivyo mkataba ni batili. Na kwamba nyumba na shamba wanamoishi mke na mume havitoki pasi na ridhaa ya mwenziwe, na bodi inayofanya kazi yake sawasawa humwita mke aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Dalali atamwambia kwamba taratibu hizo zinachelewesha. Ni kweli kwamba zinachelewesha.